Semliki Hauna Chanzo Kimoja

Tarehe 9 Mei 1906, mjini London, Uingereza na Dola Huru la Kongo, lililokuwa mikononi mwa Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, zilitiliana saini mkataba uliogusa moja kwa moja nchi ya Beni, mashariki mwa Kongo. Kifungu cha tatu kiliifunga serikali ya Kongo isijenge, wala isimruhusu yeyote kujenga, kitu chochote juu ya mito Semliki na Isango au karibu nayo ambacho kingepunguza maji yanayoingia Ziwa Albert, isipokuwa kwa kukubaliana na serikali ya Sudani. Sudani ya siku hizo ilitawaliwa na Uingereza kwa ubia na Misri, na kilichokuwa kikilindwa ni maji ya Nili, ambayo kilimo cha Misri kiliyategemea kufa na kupona. Hakuna aliyewauliza watu wanaokunywa maji hayo kabla hayajafika mtoni. Wala kifungu hakitaji vilima, misitu na mashamba ambako maji ya Semliki huanzia. Waliokiandika waliuona mto na ziwa, wakaridhika.

Kutoona huko kulikuwa na mizizi mirefu. Karne nyingi za kutafuta chanzo cha Nili ziliwazoesha wenye nguvu kutafuta mahali pamoja: ziwa, poromoko au chemchemi ambayo mtu anaweza kusimama kando yake akasema, ni hapa. Ushahidi wa ardhi ya Lubero, Butembo na Beni unasema jambo jingine. Chanzo cha mto ni nchi yote inayopokea mvua, ikaihifadhi, kisha ikaitoa polepole. Hata chemchemi za mawe ya chokaa, ambako mto hutoka ardhini ukiwa tayari mkubwa na ambako wazo la chanzo kimoja lina nguvu kuliko popote pengine, zikichunguzwa hutoa ushahidi huohuo. Tofauti ya mitazamo hii miwili si ya vitabuni tu. Anayeamini kwamba chanzo ni tundu hulijengea tundu ukuta, akauacha mlima ukiliwa na mmomonyoko.

Tuanze na ramani. Nyanda za juu za Lubero, ambako ndiko iliko Kipese, kusini mwa Butembo, ni ukingo wa magharibi wa Bonde la Ufa. Wakulima wa huko hulima viazi, vitunguu na kabeji katika baridi ambayo mgeni hatarajii kuikuta karibu na ikweta. Mgongo wa milima hii ndio unaogawanya maji ya mito miwili mikubwa kuliko yote ya Afrika. Mvua inayoangukia upande wa mashariki hushuka kwa vijito vyenye kasi hadi Ziwa Edward au bonde la Semliki, ikapita Ziwa Albert na kuufuata Nili hadi Bahari ya Kati. Inayoangukia upande wa magharibi huingia msituni, ikajiunga na mito inayomwaga maji katika mto Kongo, na mwisho wake ni Bahari ya Atlantiki. Semliki wenyewe hutoka Ziwa Edward pale Ishango, ukapita kati ya milima ya Mitumba na Ruwenzori, ukizidi kukua kwa maji ya pande zote mbili. Vipimo vilivyochukuliwa Bweramule, upande wa Uganda, vinaonyesha kwamba mto huu hupeleka Ziwa Albert zaidi ya mita za ujazo bilioni 4 kwa mwaka. Hakuna chemchemi moja duniani inayoweza kujigamba kwamba ndiyo mama wa maji yote hayo.

Hata hivyo, wageni waliokuja walikuwa wakiitafuta chemchemi hiyo. Ptolemaio wa Aleksandria, katika karne ya pili, aliandika kwamba Nili hulishwa na theluji ya Milima ya Mwezi, na maneno yake yakanakiliwa vizazi kwa vizazi, kwanza na wanajiografia wa Kiarabu, kisha na wa Ulaya. Mwaka 1862 John Hanning Speke alisimama Jinja, mahali Nili unapotoka Ziwa Victoria, akatangaza kwamba kitendawili kimeteguliwa. Miaka miwili baadaye Samuel Baker alifika Ziwa Albert, akasema na hili nalo ni chanzo. Henry Morton Stanley aliiona Ruwenzori yenye theluji mwaka 1888. Mwaka uliofuata alipita bonde la Semliki akathibitisha kwamba mto huo unatoka katika ziwa la kusini, ambalo alilipa jina la Albert Edward, mwana mkubwa wa Malkia wa Uingereza. Kila mmoja aliondoka na jina la kuweka kwenye ramani. Hakuna aliyeondoka na maelezo ya jinsi mvua inavyogeuka kuwa mto katika vilima alivyovipita, ingawa alikuwa akivuka vijito vyake siku baada ya siku.

Mtu anaweza kusema kwamba wasafiri hao walikuwa wanajiografia tu, na kuwahukumu kwa siasa zilizokuja baada yao ni kuwaonea. Lakini siasa hazikuchelewa. Tarehe 12 Mei 1894, miaka mitano tu baada ya Stanley kupita Semliki, Leopold alifanya mapatano na Uingereza yaliyompa nafasi ya kukodi ardhi upande wa Nili wa juu, na kwa muda mrefu alitamani kuwa mfalme mwenye sehemu ya mto huo. Mkataba wa 1906 ulifuta sehemu kubwa ya ndoto hiyo. Katika ardhi hiyo Leopold aliachiwa eneo la Lado kwa muda wa utawala wake tu, na baada ya kifo chake mwezi Desemba 1909 likarudishwa Sudani. Kifungu cha Semliki kilikuwa sehemu ya hesabu hiyohiyo. Ramani iliyochorwa na watafuta chanzo ndiyo iliyowaonyesha wanadiplomasia mahali pa kutia saini. Mto uliokuwa na mwanzo ulioandikwa uliweza kuwekewa masharti, na vijito visivyo na majina katika lugha za Ulaya havikuwemo katika mazungumzo.

Maji yenyewe hayafuati utaratibu wa wanadiplomasia. Vilima vya Lubero kwa sehemu kubwa ni miamba ya kale sana, iliyooza juu yake ikawa udongo mwekundu na wa kahawia, mahali pengine wenye kina cha mita nyingi. Mvua ikianguka juu ya udongo uliofunikwa na majani, hupenya taratibu hadi inapokutana na tabaka la mfinyanzi au mwamba usiopitisha maji. Hapo hugeuza njia, ikatembea chini kwa chini kuelekea bondeni, hadi inapotokea chini ya kilima, kwa kawaida mahali penye matope na majani mabichi hata wakati wa kiangazi. Anayetaka kuijenga chemchemi ya namna hiyo hufukua kwa uangalifu hadi alione jicho la maji, akapanga mawe na kokoto safi nyuma yake, akaziba juu kwa mfinyanzi ulioshindiliwa ili maji ya mvua ya juujuu yasiingie, kisha akajenga ukuta mfupi wenye bomba. Juu ya ukuta huchimba mtaro wa kuyapitisha pembeni maji ya mvua, na akiwa na busara hupanda nyasi na kukataza kulima hapo. Asubuhi wanawake na watoto hupanga bidoni za manjano mbele ya bomba. Fundi anajua kwamba bomba halitoi maji. Kilima ndicho kinachotoa, na bomba huonyesha tu mahali pa kuweka bidoni.

Hapa huja pingamizi zito la kwanza. Msomaji aliyetembea huku na huku atasema kwamba maelezo haya ni ya udongo wa Lubero, lakini ziko nchi ambako mto huzaliwa mahali pamoja kweli. Katika ardhi ya mawe ya chokaa, maji ya mvua yenye asidi kidogo huyeyusha mwamba, yakapanua nyufa kuwa mifereji, na mifereji kuwa mapango. Wanajiolojia huiita ardhi ya namna hiyo karsti. Huko kijito kinaweza kuingia ndani ya shimo kikatoweka, na chini ya jabali la mbali kukatoka maji mengi kwa mkupuo, mto mzima wenye uwezo wa kuzungusha mashine ya kusaga siku ya kwanza ya maisha yake. Chemchemi ya Vaucluse huko Ufaransa ni mfano mashuhuri: mto Sorgue hutoka humo ukiwa umekamilika. Ikiwa kuna mahali ambapo mtu anaweza kunyoosha kidole na kusema chanzo ni hapa, basi ni hapo.

Wenyeji wa Beni hawahitaji kwenda Ufaransa kuiona ardhi ya chokaa. Kaskazini mwa Beni, katika njia ya Komanda, teritwari ya Irumu, kuna mlima Hoyo wenye mapango mengi ndani ya msitu wa Ituri, katika nchi ya Walese na Bambuti. Maji yameuchimba mlima huo kwa muda usiohesabika kwa miaka ya wanadamu, na kazi yake imetuachia kumbukumbu ambayo vilima vyetu vya udongo haviwezi kuitunza. Katika pango la Matupi, mtaalamu wa mambo ya kale Francis Van Noten alifukua miaka ya 1970 akakuta vifaa vidogo vya mawe vilivyotengenezwa na watu zaidi ya miaka 40,000 iliyopita. Mabaki ya wanyama yaliyopatikana pamoja navyo yanaonyesha kwamba wakati huo nyika ya nyasi ilikuwa karibu zaidi na pango kuliko leo. Msitu ambao vitabu vya kikoloni viliuita wa tangu kuumbwa kwa ulimwengu ulikuwa umerudi nyuma, kisha ukasonga mbele tena. Hoyo inatufundisha jambo la kwanza kuhusu chanzo chochote: nchi inayokizunguka hubadilika, na maji hubadilika pamoja nayo.

Jambo la pili lilithibitishwa mbali na hapa, huko Ujerumani ya kusini. Mto Danube ukifika karibu na Immendingen hupoteza maji yake katika nyufa za chokaa, na katika majira ya ukame huweza kukauka kabisa. Kilomita 12 hivi kutoka hapo, kwenye mji wa Aach, kuna chemchemi kubwa inayoanzisha mto Aach, ambao maji yake huishia mto Rhine. Wenye viwanda wa pande hizo mbili waligombana kwa miaka mingi, kila mmoja akidai maji. Mwezi Oktoba 1877 mtaalamu Adolf Knop alimimina katika mashimo ya Danube tani 20 za chumvi, mafuta ya mawe na kilo 10 za rangi inayong’aa kijani. Baada ya saa 60 hivi chemchemi ya Aach ilitoa maji ya kijani yenye ladha ya chumvi. Hapo ikajulikana kwamba maji ya mto unaokwenda Bahari Nyeusi yanavuka chini ya mlima na kwenda Bahari ya Kaskazini. Mstari wa mgawanyo uliochorwa kwenye ramani haukuwa na maana yoyote kwa maji ya chini ya ardhi. Chemchemi iliyoonekana kuwa mwanzo wa mto Aach ilikuwa kituo cha katikati ya safari.

Kesi iliyofuata ina funzo kwa wanasheria wa Semliki pia. Majimbo ya Württemberg na Prussia yalishtakiana na Baden kuhusu maji hayo, na mwaka 1927 mahakama ya majimbo ya Ujerumani iliamua kwamba upotevu wa asili lazima uvumiliwe, lakini hakuna jimbo lenye haki ya kuuongeza au kuupunguza kwa kazi za mikono kwa hasara ya jirani. Angalia tofauti na mkataba wa 1906. Mahakama ilitazama kitanda cha mto, nyufa, ardhi na kazi za watu juu yake, kwa sababu rangi ya Knop ilikuwa imeilazimisha kutazama hivyo. Waandishi wa kifungu cha Semliki hawakuwa na rangi ya kuwaonyesha ni vilima gani vinavyojaza mto wao, wala hawakuitafuta. Kwao ilitosha kukataza ukuta juu ya maji.

Afrika ya Mashariki ina ushahidi wake kuhusu chemchemi kubwa. Chemchemi za Mzima huko Tsavo, Kenya, hutoa maji maangavu ambayo viboko na mamba huogelea ndani yake katikati ya nchi kavu. Tangu miaka ya 1950 bomba limekuwa likipeleka sehemu yake hadi Mombasa. Mwamba wa huko ni wa volkeno, si wa chokaa, lakini unafanya kazi kwa namna inayofanana. Mvua na ukungu wa vilima vya Chyulu huzama katika majivu na lava yenye matundu, maji yakasafiri chini kwa chini makumi ya kilomita kabla ya kutokea. Mkazi wa Mombasa anayefungua mfereji anakunywa mvua ya Chyulu. Msitu wa Chyulu ukichomwa, hakuna ukuta utakaojengwa Mzima ambao utamsaidia. Kwa hiyo pingamizi la karsti linageuka kuwa ushahidi wa upande wangu. Chemchemi kadiri inavyokuwa kubwa ndivyo inavyokusanya maji ya nchi pana zaidi. Na katika chokaa hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu maji hupita mifereji mipana bila kuchujwa. Uchafu unaotupwa kwenye shimo leo unaweza kufika bombani keshokutwa, kama rangi ya Knop ilivyofika Aach. Udongo mzito wa Lubero una subira zaidi, nayo ni neema ambayo haipaswi kuchezewa.

Pingamizi la pili ni la barafu. Watu wengi wa Beni hutazama vilele vya Ruwenzori siku ya hewa safi na kuamini kwamba theluji ile ndiyo inayoulisha Semliki, na kwamba barafu ikiisha mto utaisha. Imani hiyo ni ya kale kama Ptolemaio, na ina sababu ya kuogopa, maana barafu inaondoka kweli. Mwaka 1906, Duki wa Abruzzi alipopanda hadi kilele cha Margherita, chenye urefu wa mita 5,109, barafu ilifunika takriban kilomita za mraba 6.5. Kufikia 2003 ilikuwa imebaki chini ya kilomita moja ya mraba. Lakini watafiti waliopima mto Mubuku, upande wa Uganda, walikuta kwamba maji ya barafu ni chini ya asilimia 2 ya maji yote ya mto unapofika chini ya mlima. Yaliyobaki ni mvua iliyohifadhiwa na misitu na vinamasi vya juu. Barafu ikitoweka tutapoteza fahari kubwa na kumbukumbu ya hali ya hewa ya zamani, na hilo ni la kusikitisha. Mto utakaa au utakwenda kwa kutegemea mvua, misitu na udongo, yaani mambo yaleyale yanayoamua hatima ya kijito kidogo cha Kipese.

Pingamizi la tatu ni la wanajiografia. Ramani inahitaji mwanzo, watasema, na kanuni ipo: chanzo ni ncha ya mbali kuliko zote. Sawa, kanuni hiyo inafaa kupimia urefu. Tuone imetufikisha wapi. Mjerumani Richard Kandt alifuata Kagera akafika Rukarara katika msitu wa Nyungwe, Rwanda, mwaka 1898. Mwaka 1937 Burkhart Waldecker, Mjerumani mwingine, alisema chanzo cha kusini kabisa ni Kasumo, Rutovu, nchini Burundi, na hapo ikajengwa piramidi ndogo. Mwaka 2006 wasafiri waliopanda Nili wote walirudi Nyungwe na kudai kwamba hapo ndipo mbali zaidi. Zaidi ya miaka 100 ya kupima imetupatia vijito viwili vyembamba ambavyo mtoto huviruka, na ubishi bado haujaisha. Ni wazi kwamba kanuni ya umbali hujibu swali la umbali. Haijibu swali la maji yanatoka wapi, wala la nani atunze nini.

Watu wa milima ya Mitumba walikuwa na jibu lao la kisiasa kwa swali hilo la pili, ingawa hawakuliandika kwa lugha ya mikataba. Mwanahistoria Randall Packard, katika kitabu chake cha mwaka 1981 kuhusu Bashu, mojawapo ya makundi ya Wanande wa Beni, alionyesha kwamba mamlaka ya mwami, yaani mkuu wa kimila, yalishikamana na uwezo wake wa kuweka nchi katika mpangilio mwema ili mvua inyeshe kwa wakati na mazao yaive. Ukame na njaa vilisomwa kama dalili kwamba utaratibu wa utawala na wa ardhi umevurugika. Si lazima mtu aamini kwamba ibada inaleta mvua ili atambue busara ya mpangilio huo. Ulimfanya mkubwa awajibike kwa nchi yote, miteremko na misitu kwa pamoja, wala haukumruhusu kujivunia mto huku kilima kikiteketea. Mtu asiupambe zaidi ya ulivyokuwa, maana Packard mwenyewe anaonyesha jinsi wakuu walivyoshindana na kutumia shida za watu kutafuta ukuu. Lakini ulikuwa utaratibu uliotazama juu, kule mvua inakoanguka.

Utawala wa kikoloni uliugeuza macho. Miaka ya 1920 na 1930, kwa sababu ya ugonjwa wa malale na kwa sababu ya Hifadhi ya Albert, iliyoanzishwa 1925 na kupanuliwa baadaye hadi ikajumuisha Semliki na Ruwenzori, watu wengi waliondolewa bondeni. Hifadhi hiyo, ambayo leo ni Virunga, imeokoa misitu na wanyama ambao pengine wangekwisha, na hilo lazima likubaliwe. Lakini watu walioondoka bondeni na wazawa wao walibanana katika nyanda za juu zilizokuwa tayari na wakazi wengi. Miteremko ambayo zamani ilipumzishwa miaka kadhaa ikaanza kulimwa kila msimu. Serikali ikajibu kwa kulazimisha watu kuchimba mitaro ya kuzuia mmomonyoko, na kwa kuwa ililetwa kwa amri, wengi waliiona kama mzigo mwingine wa mkoloni. Hapo ndipo hatari ya Semliki ilipoanza kweli, juu ya vilima, bila mtu yeyote kuvunja kifungu cha tatu cha mkataba wa 1906. Maji hayakupunguzwa na ukuta. Yaliharibiwa na udongo uliokuwa ukiteremka nayo, bandu bandu, hadi gogo likaanza kwisha.

Zingatia na mikaratusi. Imepandwa kwa wingi kuzunguka Butembo kwa ajili ya mbao, nguzo na makaa, na imewaokoa wengi na umaskini, pamoja na kuupunguzia msitu wa asili shoka. Ila mti unaokua haraka hunywa sana, na ukipandwa juu ya jicho la chemchemi huweza kuipunguzia maji chemchemi iliyolisha mtaa mzima. Hapa mwenye wazo la tundu atasema kosa ni la mti. Mwenye wazo la nchi nzima ataona kwamba kosa ni la mahali. Mkaratusi wa juu ya kilima kikavu ni mali, na wa mita chache kutoka kwenye chemchemi ni mwizi aliyepandwa na mwenye nyumba.

Linabaki pingamizi la mwisho, na ndilo gumu kuliko yote. Ikiwa chanzo ni nchi yote, basi ni cha kila mtu, na cha kila mtu hakina mwenyewe. Chemchemi inaweza kuzungushiwa ua, lakini nani atazungushia ua milima ya Lubero? Jibu ni kwamba wajibu unaweza kugawanywa bila kupotea. Sheria ya maji ya Kongo ya tarehe 31 Desemba 2015 inatambua maeneo ya ulinzi yanayozunguka mahali maji yanapochotwa, na hiyo ni hatua ya kutoka kwenye tundu kuelekea ardhini. Kati ya nchi za Nili, mkataba wa ushirikiano uliofunguliwa kutiwa saini Entebbe tarehe 14 Mei 2010 ulianza kutumika tarehe 13 Oktoba 2024, nao unazungumzia bonde zima la mto pamoja na utunzaji wa mazingira yake. Ni lugha ambayo London ya 1906 haikuijua. Hata hivyo sheria ya taifa na mkataba wa mataifa ni vya mbali kwa mkulima mwenye shamba la viazi mteremkoni. Kwake wajibu una vipimo vidogo: mistari ya nyasi inayokata mteremko, mtaro unaofuata usawa wa kilima, ukanda usiolimwa juu ya chemchemi, na makubaliano ya mtaa kuhusu nani anapanda nini na wapi. Mambo hayo hayahitaji sahihi ya waziri. Yanahitaji wakuu wa kimila, kamati za maji, parokia na vyama vya wakulima waketi pamoja, jambo ambalo watu wa Butembo, waliojenga mji mkubwa wa biashara kwa juhudi zao wenyewe, hawawezi kusema hawaliwezi.

Historia ya Semliki, basi, inatoa hukumu iliyo wazi. Waliotafuta chanzo kimoja walipata majina, sanamu na mikataba, lakini hawakuongeza hata bidoni moja ya maji. Chokaa cha Hoyo, rangi ya Aach, mvua ya Chyulu na vipimo vya Ruwenzori vyote vinashuhudia kwamba mto huzaliwa mahali pengi kwa wakati mmoja, na sehemu kubwa ya mahali hapo ni mashamba ya watu. Mpango wowote wa maji utakaoletwa Lubero au Beni, uwe wa serikali, wa shirika au wa kanisa, uulizwe kwanza swali moja: utafanya nini juu ya kilima? Usipokuwa na jibu, wenyeji waukatae hadi uwe nalo.